Papa wa Cocos, wa Bahari ya Shamu au wa Maldives: Mpiga Mbizi wa Nairobi Achague Safari Ipi ya Meli?

Mvua za vuli zinapoelekea ukingoni ndipo kikundi chetu kidogo cha wapiga mbizi wa Nairobi hukutana kupanga safari kubwa ya mwaka unaofuata, na kwa miaka mitatu mfululizo swali limekuwa lile lile: tukitaka kuwaona papa wakubwa, tena wengi, kutoka kwenye meli tunayolala humo humo mbali na bara, twende wapi? Wengi wetu tulijifunza kupumua chini ya maji katika mabwawa ya kuogelea ya hapa mjini, tukamalizia mafunzo Diani au Watamu, na baadhi yetu tumewahi kubahatika kumwona papa potwe akipita taratibu katika miezi ya kaskazi. Papa wa aina nyingine tuliwafahamu kwanza wakiwa kwenye mchuzi wa nazi, au wakiwa vipande vikavu vya chumvi kwenye masoko ya Mombasa. Kumwona mnyama huyo akiwa hai, kwa wingi wake wa asili, kunahitaji safari ndefu, na safari hiyo ni ghali kiasi kwamba ukikosea kuchagua utaijutia kwa miaka.

Hapa ninalinganisha safari tatu ambazo nimezifanya kwa nyakati tofauti. Ya kwanza ni ya siku kumi na zaidi kwenda Kisiwa cha Cocos, mali ya Costa Rica, katika Bahari ya Pasifiki. Ya pili ni ya wiki moja katika Bahari ya Shamu upande wa Misri, inayopitia miamba ya Brothers, Daedalus na Elphinstone. Ya tatu ni ya wiki moja kusini kabisa mwa Maldives, kutoka atoli ya Huvadhoo, yaani mviringo wa visiwa vya matumbawe wenye maji tulivu katikati, hadi kisiwa cha Fuvahmulah. Galápagos nimeiacha kwa sababu moja: anayeweza kufika Cocos anaweza kufika visiwa vya Darwin na Wolf vya huko, na karibu yote nitakayosema juu ya Cocos, yaani umbali, ubaridi wa maji na nguvu ya mkondo, yanahusu huko pia, isipokuwa kwamba Galápagos maji ni baridi zaidi, na kati ya Juni na Novemba hupita papa potwe majike wakubwa ambao Cocos si wa kawaida.

Watu wengi wa kikundi chetu huanza kwa kuuliza ni papa wa aina gani wanapatikana wapi. Naliona hilo kuwa swali la tatu. La kwanza ni namna papa anavyokujia, kwa maana hilo ndilo linaloamua utaona nini hasa na utakuwa unafanya nini ukimwona. La pili ni maji yenyewe yanakudai nini. Mtu aliyepata majibu ya hayo mawili hatasumbuka sana na la tatu.

Papa anavyokujia

Cocos ni kisiwa kilicho takriban kilomita 550 kutoka pwani ya Costa Rica. Kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 1978, UNESCO ikakiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, na watu pekee wanaoishi humo ni askari wa hifadhi na wasaidizi wao. Papa wanaokipa jina ni wale wenye kichwa mfano wa nyundo, ambao wavuvi wa pwani yetu huwaita pingusi. Hawaji kwa chakula cha binadamu. Wanapanda kutoka kwenye kina kirefu kuja kusafishwa: juu ya miamba kadhaa kuna samaki wadogo wa manjano, wa jamii ya vipepeo, ambao huwadonoa vijidudu vinavyong'ang'ania ngozi, na papa hupunguza mwendo, hujilaza kidogo upande, akaachia mwili wake uhudumiwe. Kazi yako wewe ni kufika kabla yake, kujibana katikati ya mawe na kusubiri.

Mahali nilipoelewa jambo hili ni Bajo Alcyone, mlima wa chini ya maji uliopewa jina la meli ya Mfaransa Jacques Cousteau. Kilele chake kiko karibu mita 25 hadi 30 chini, kwa hiyo unashuka kwa kufuata kamba moja kwa moja hadi chini bila kuona sakafu kwa muda, unashika mwamba, na unatulia. Katika mbizi yangu ya kwanza pale hatukuona kitu kwa dakika kumi na mbili, na mwenzetu mmoja alianza kuogelea kwenda nje kwenye buluu akitafuta. Kundi lilikuwa limekwisha kufika, lakini likageuka lote kwa pamoja kama kitambaa kinachokunjwa, likatoweka. Pingusi huogopa mshindo wa mapovu na mwendo wa ghafla. Mwongozaji alipotukusanya jioni hakumkaripia mtu, alisema tu kwamba kesho yake tupumue taratibu, kwa pumzi ndefu zisizokatika, wala asiwepo wa kuibana pumzi kwa kutaka kunyamaza, maana kuibana pumzi ukiwa na mtungi ni hatari kubwa kuliko papa yeyote. Siku iliyofuata walipita juu yetu wengi kiasi kwamba mwanga ulipungua. Sikuwahesabu, na hata leo sitaki kuwatajia wenzangu idadi ya kubahatisha.

Usiku, kando ya kisiwa kidogo cha Manuelita, hali ni nyingine kabisa. Papa wa miamba wenye ncha nyeupe za mapezi, ambao mchana hulala chini kwenye mchanga, hutoka kwa makumi kuwinda, wakijisukuma kwenye nyufa za mawe wakigongana. Ni jambo la kustaajabisha, lakini mtu mwangalifu ataona kwamba papa hao wamezoea kufuata taa za wapiga mbizi ili wapate kuona mawindo, kwa hiyo hata Cocos hatuwezi kudai kwamba uwepo wetu haubadilishi chochote.

Katika Bahari ya Shamu papa hukujia kwa namna mbili kulingana na msimu. Wakati wa kiangazi cha huko, kuanzia Mei hadi Agosti, pingusi hukusanyika upande wa Daedalus, mwamba mmoja mwembamba wenye mnara wa taa juu yake katikati ya bahari tupu. Hapo hawaji kusafishwa kwenye mwamba. Unaamka kabla ya jua, unaacha ukuta wa matumbawe nyuma yako, na unaelea kwenye buluu isiyo na juu wala chini ya kutazama, ukitegemea kompyuta yako ya mbizi ikuambie uko kina gani. Asubuhi nyingine unaona vivuli kumi na tano kule chini, asubuhi nyingine unarudi mezani na hadithi ya maji matupu.

Kuanzia Oktoba hadi Desemba huja papa wa bahari kuu, yule mwenye mapezi mapana ya duara yaliyochovywa weupe kwenye ncha. Huyu hafichiki na hajifichi. Hukaa karibu na meli zilizotia nanga, hukusogelea moja kwa moja, hukuzunguka, na wakati mwingine hukupima kwa kukugusa. Kiumbe aliyezoea maisha ya bahari isiyo na chakula kingi hukichunguza kila kitu kinachoelea. Sheria ya Misri inakataza kuwalisha, lakini meli zinapokuwa nyingi mahali pamoja, na mabaki ya jikoni yakimwagwa baharini kinyume cha taratibu, papa hujifunza haraka. Mwishoni mwa 2018 mpiga mbizi aling'atwa na papa wa aina hii huko Brothers, na serikali ikaifunga miamba hiyo kwa miezi kadhaa. Nimepiga naye mbizi mara tisa. Sijawahi kuhisi kwamba ananitaka, lakini sijawahi pia kumpa kisogo, na mtu asiyeweza kubaki wima, akimtazama mnyama machoni huku akisogea pamoja na kundi lake bila papara, asichague msimu huu.

Fuvahmulah ni kisa kingine tena. Ni kisiwa kimoja kilichosimama peke yake bila maji tulivu yaliyozingirwa na mwamba, kusini kidogo tu mwa ikweta, na papa wake wanaojulikana ni papa milia, wale wakubwa wenye mistari ubavuni, wengi wao majike waliokomaa. Wamekuwa wakija karibu na bandari ya kisiwa kwa sababu wavuvi wa jodari husafisha samaki wao pale na kutupa vichwa na matumbo majini. Siku hizi waongozaji huweka mabaki hayo chini ya mawe kwenye kina kidogo, wageni hupiga magoti kwa mstari nyuma yake, na papa huja mmoja mmoja. Zaidi ya papa 200 wameshatambuliwa mmoja mmoja kwa picha za milia yao. Hakuna mahali kwingine ninapopafahamu ambapo unaweza kumwona mnyama huyu kwa karibu na kwa uhakika namna hiyo, tena katika kina ambacho mwanafunzi wa Diani anakijua.

Lazima niseme msimamo wangu. Mimi hupendelea papa aliyekuja kwa haja yake, na nikiwa Fuvahmulah nilijiona kama mtazamaji wa maonyesho kuliko mgeni wa bahari. Hata hivyo sitamlaumu anayekwenda. Maldives ilipiga marufuku uvuvi wa papa katika maji yake yote mwaka 2010, na kisiwa ambacho watu wake wanapata riziki kutokana na papa aliye hai kina sababu ya kulitetea katazo hilo. Ningetamani sana pwani yetu ingekuwa na sababu kama hiyo, kwa maana pingusi wachanga ninaowaona wakishushwa kwenye mashua za wavuvi wetu ni wa spishi ambayo leo imeorodheshwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka duniani.

Maji yanakudai nini

Hapa ndipo safari hizi tatu zinapotengana kabisa.

Cocos inadai mengi. Juu maji ni ya nyuzi 26 hadi 28 za Selsiasi, lakini katika kina kuna tabaka la maji baridi linaloweza kushuka hadi karibu nyuzi 20, na unaliingia ghafla kama mtu afunguaye mlango wa friji. Vazi la milimita tano ndilo la chini kabisa, na mimi ningechukua saba pamoja na kofia. Mkondo ni mkali na hubadilika ndani ya mbizi moja. Unashuka haraka, unakaa kwenye mita 30 muda mwingi, kisha unapanda kwenye buluu ukiwa na boya lako la ishara, huku mawimbi ya juu yakiwa makubwa na mashua ndogo ikikutafuta katikati ya mvua. Mvua za Cocos hazina mfano wa zile tulizozoea Nairobi, kwani hunyesha karibu kila siku ya msimu wa pingusi. Kwa kuwa muda wa kukaa kwenye kina hicho kwa hewa ya kawaida ni mfupi, cheti cha naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, si anasa, na mafunzo yake unaweza kuyamaliza hapa Kenya kabla ya kuondoka.

Bahari ya Shamu ina maji mazuri kwa macho, mara nyingi unaona mita 30 na zaidi, na mwezi Novemba joto lake bado ni nyuzi 26 hivi. Ugumu wake uko kwenye kuta zinazoshuka mamia ya mita bila sakafu, kwenye mikondo inayogawanyika kwenye ncha za mwamba, na kwenye mashua ya mpira unayopaswa kupandia kutoka majini wakati mawimbi yanaitupa huku na huku. Misri inamtaka anayekwenda kwenye miamba ya mbali kama Brothers na Daedalus awe na mbizi zisizopungua 50 zilizoandikwa daftarini, na ninaliunga mkono sharti hilo kwa moyo wote. Nimeona mtu akiwa na mbizi 52, karibu zote za bwawani na za maji tulivu ya ndani ya miamba, akihangaika vibaya kwenye ncha ya kaskazini ya Daedalus. Idadi ya mbizi haitoshi ikiwa hazikuwa za bahari yenye nguvu. Kwa asiye na haja ya kina kirefu, Brothers ina zawadi nyingine: meli mbili zilizozama kando ya kisiwa kikubwa, Numidia ya mwaka 1901 na Aida ya mwaka 1957, zimevikwa matumbawe laini ya kila rangi kuanzia kina cha kawaida hadi kile kisichotufaa.

Maldives kusini maji ni ya nyuzi 28 au 29 mwaka mzima na vazi la milimita tatu linatosha. Sheria ya nchi inaweka kikomo cha mita 30 kwa wapiga mbizi wa burudani, jambo linaloondoa kishawishi cha kumfuata papa chini zaidi. Lakini mtu asidhani kwamba ni mepesi. Papa wa miamba wa kijivu hukusanyika kwenye mikono ya bahari, yaani njia za maji zinazoingia ndani ya atoli, wakati maji yanapojaa kwa nguvu. Unarushwa upande wa bahari kuu, unashuka bila kuchelewa juu, unafika kwenye kizingiti cha njia na kujifunga kwenye jiwe tupu kwa ndoano maalum ya mwamba, kisha unabaki ukipepea kama bendera huku papa wakisimama mbele yako bila kutikisa mkia. Ukikosa kizingiti, mkondo unakupeleka kwenye maji ya ndani ya atoli na mbizi yako imekwisha, ila hujapotea baharini. Hiyo ndiyo tofauti kubwa na Cocos: kosa la Maldives kwa kawaida linakurudisha kwenye maji yaliyotulia, kosa la Cocos linakutoa kwenda Pasifiki.

Ukipata shida

Hakuna kigezo ambacho watu wa kikundi chetu hukiruka kwa urahisi kama hiki, na hakuna ninachokishikilia zaidi.

Kutoka bandari ya Puntarenas hadi Cocos meli husafiri kwa saa 36 hivi, na hakuna uwanja wa ndege kisiwani. Mtu akipata ugonjwa wa mgandamizo, yaani maumivu na ganzi zinazoletwa na mapovu ya naitrojeni mwilini, atapewa oksijeni kwenye meli na safari ya wote itageuzwa kurudi bara kwa siku moja na nusu. Mwezi Novemba 2017 mpiga mbizi mmoja aliuawa na papa milia akiwa anapanda juu karibu na Manuelita. Tukio kama hilo ni nadra mno, ila linaonyesha maana ya umbali: jeraha ambalo mjini lingekuwa la saa moja hadi chumba cha upasuaji, kule halina chumba hicho. Kwa sababu hiyo mimi hupiga mbizi zangu za Cocos kwa tahadhari kuliko kompyuta inavyoruhusu, na ningemshauri mwenye tatizo lolote la moyo, la kifua au la masikio lisilotulia asiende kabisa.

Brothers iko takriban kilomita 60 kutoka pwani na Daedalus karibu 80. Vyumba vya tiba ya mgandamizo vipo kwenye miji ya pwani ya Misri, na meli inafika ndani ya saa chache. Tatizo la Misri halipo majini, lipo kwenye meli zenyewe. Juni 2023 meli ya wapiga mbizi iliungua karibu na Elphinstone na Waingereza watatu wakafa. Novemba 2024 nyingine ilizama alfajiri katika eneo la Marsa Alam, na watu wengi wakafa au kupotea. Katika safari yangu ya mwisho huko, kwenye meli ambayo sitaitaja jina, niliomba nionyeshwe njia ya pili ya kutokea kutoka vyumba vya chini nikaikuta imezuiliwa na masanduku, na usiku wa kwanza hapakuwa na mtu wa zamu aliye macho. Tulilalamika, masanduku yakaondolewa, zamu ikawekwa. Tangu siku hiyo siweki amana kabla ya kuuliza maswali matatu kwa maandishi: nani anakesha usiku, njia za kutokea ni ngapi na ziko wapi, na betri za kamera na simu huchajiwa chumba gani. Wakala anayekwepa maswali hayo simrudii.

Maldives ndiyo iliyo na nafuu kwa jambo hili. Fuvahmulah na Addu zina viwanja vya ndege, visiwa vinavyokaliwa haviko mbali na njia ya meli, na nchi ina huduma ya chumba cha mgandamizo, kile cha Bandos karibu na Malé kikiwa miongoni mwa vya siku nyingi. Meli kubwa hufuatana na dhoni, mashua inayobeba mitungi na mashine ya kujazia hewa, hivyo daima kuna chombo cha pili karibu.

Popote uendapo, kata bima ya mpiga mbizi mwenyewe, kama ile ya DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, inayolipia uokoaji na tiba ya mgandamizo. Kadi ya ndege za uokoaji unayoitegemea ukienda Maasai Mara haitakufikia katikati ya Pasifiki.

Kutoka Nairobi

Kwenda Maldives ni rahisi kuliko wengi wanavyodhani. Pasipoti ya Kenya hupewa viza ya siku 30 bila malipo ukifika, unabadilisha ndege mara moja Dubai au Doha, kisha unachukua ndege ya ndani kwenda Gan au Kooddoo, kutegemea meli inaanzia wapi. Misri ina ndege ya moja kwa moja hadi Cairo ya saa tano hivi, halafu ya ndani hadi Hurghada au Marsa Alam, ila viza inabidi iombwe mapema na wakala wa meli akuandikie barua. Costa Rica inahitaji ndege tatu au nne. Anayepitia Marekani lazima awe na viza ya Marekani hata kama hatoki uwanjani, na anayepitia Ulaya aulize kuhusu viza ya kupitia ya kila uwanja kabla ya kulipa nauli. Beba cheti cha homa ya manjano kwa safari zote tatu.

Juu ya fedha nitasema kwa ufupi, kwa kuwa bei hubadilika kila msimu. Wiki ya Misri ndiyo nafuu. Ya Maldives huipita, wakati mwingine maradufu. Cocos ni mara tatu hadi nne ya Misri kabla hujahesabu nauli, ada za hifadhi na usiku wa ziada San José. Aliye na fedha za Cocos moja anaweza kwenda Misri na Maldives, akabakiwa na za kununua vifaa vyake mwenyewe.

Misimu nayo inaweza kukuamulia. Maldives kusini ni nzuri kati ya Januari na Aprili, wakati wa upepo ule ule wa kaskazi ambao sisi tunaujua na ambao kwa karne nyingi uliviunganisha visiwa hivyo na Mombasa na Lamu. Pingusi wa Cocos ni wengi zaidi kuanzia Juni hadi Novemba, wakati wa mvua na bahari iliyochafuka. Mwalimu wa shule mwenye likizo ya Agosti pekee hana budi kuchagua kati ya Cocos na pingusi wa Daedalus, na kwa hali hiyo mimi ningemwambia Daedalus.

Nani aende wapi

Mwenye mbizi 30 hadi 60, ambaye hajawahi kujifunga kwenye mwamba katika mkondo, aende Maldives. Atawaona papa wa aina nyingi katika wiki moja, katika maji ya joto, na atarudi akiwa mpiga mbizi bora kuliko alivyoondoka. Kama hapendi kumwona papa akivutwa kwa mabaki ya samaki, amwambie mwongozaji mapema na achague ratiba ya njia za Huvadhoo pekee, kwani zinatosha.

Mwenye mbizi 80 na zaidi, zikiwamo za Pemba au za kuta nyingine zenye kina, aende Bahari ya Shamu, Novemba kwa papa wa bahari kuu au Juni kwa pingusi, na achague meli kwa kuchunguza usalama wake kabla ya kutazama picha za vyumba.

Cocos imfae aliyekwisha fanya mojawapo ya hizo mbili na akagundua kwamba anafurahia kusubiri kuliko kukimbiza. Nawajua watu wenye mbizi 300 ambao hawataifurahia, kwa sababu hawapendi kutulia, wala hawapendi siku moja na nusu ya kichefuchefu kwenda na nyingine kurudi. Kwangu mimi ndiyo safari bora niliyowahi kuifanya, na ndiyo maana siipendekezi iwe ya kwanza. Ingenipita bila kuielewa kama ningeifanya miaka mitano mapema.

Jambo moja linalotuhusu sisi wa Nairobi zaidi ya wengine ni kupanda juu baada ya mbizi. Kwa siku nyingi za mbizi mfululizo unapaswa kusubiri si chini ya saa 18 kabla ya kuruka, na mimi hungoja 24. Cocos yenyewe hukulazimisha, kwa kuwa kurudi bandarini kunachukua muda huo na zaidi, lakini Misri na Maldives watu hubana mbizi ya mwisho ili wapate ndege ya bei nafuu. Kumbuka pia kwamba nyumbani kwetu ni takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Anayepiga mbizi za mazoezi Diani Jumapili asubuhi na kupanda treni ya kurudi Nairobi siku hiyo hiyo anapanda kwenye hewa nyepesi karibu kama aliye ndani ya ndege, na tahadhari ni ile ile: mbizi ya mwisho iwe Jumamosi.

Kwa msimu ujao sita wetu tumekubaliana juu ya Maldives katikati ya Februari, kwa meli inayoanzia Kooddoo na kuishia Gan. Wawili kati ya sita watatumia Krismasi yao Watamu kufanya mazoezi ya kurusha boya la ishara wakiwa kwenye mita tano na kushuka bila kuchelewa juu ya maji, na wasipoyaweza mambo hayo mawili hadi mwisho wa Januari, wamekubali wenyewe kwamba nafasi zao tutawapa wengine.